Mpunga wa Watu Wodini

Leo nimejiaibisha wodi nzima ya watoto ikinitazama. Nawaandikia kutoka Majengo, kwenye duka la kompyuta za kulipia.

Binti yangu Kabula, miaka saba, aliungua mguu kwa uji wiki iliyopita. Mara ya kwanza kubadilishwa bendeji alilia hadi sauti ikakata, nami nikakimbilia nje (ndiyo, baba mzima). Daktari akaonya: bendeji isipobadilishwa, kidonda kitaoza. Kwa hiyo leo nimembeba tena hadi wodini.

Nesi Anastazia akasema safari hii hakuna kumshika kwa nguvu. Atamtuliza kwa maneno tu. Wataalamu wanaita hipnosisi. Nikaogopa zaidi. Mtoto wangu afumbishwe macho, halafu asiporudi je?

"Kabula, ungependa kuwa wapi sasa hivi?"

"Mtowisa, kwa babu. Nachunga."

"Haya, fumba macho. Ng'ombe wanakwenda wapi?"

"Mtoni."

"Ingia nao. Mguu unapoa kwenye maji."

Sauti ya chini, ya polepole. Bendeji ikaanza kufunuliwa. Ili nisione kidonda, nikafumba macho na mimi (kosa). Joto la bondeni kule Mtowisa likanijia, na harufu ya zizi. Mtoto halii. Mara akasema, "Yule wa madoa anaingia kwenye mpunga wa watu."

Ndugu zangu, aliyefuga kule anajua. Ng'ombe akikanyaga mpunga wa watu, mapanga hutoka. Nikapiga mluzi wa machungani, nikaruka.

Nilipofumbua macho nilikuwa katikati ya wodi, nimeinua chuma cha kutundikia dripu kama fimbo (namshukuru Mungu kilikuwa kitupu). Nilikuwa nimeshawaswaga kinamama wawili na daktari mpaka mlangoni. Daktari amenyoosha mikono juu.

Nesi hakuinua hata kichwa. "Baba Kabula, ng'ombe wameshatoka mpungani. Kaa chini, taratibu."

Nikakaa. (Msiniulize kwa nini.)

Kabula alikuwa ametulia tuli, bendeji mpya imeshafungwa, chozi hakuna. Mimi ndiye niliyetaka kulia, kwa furaha na aibu pamoja. Nikauliza turudi lini.

"Keshokutwa," nesi akasema. "Kabula hana shida. Ila wewe, njoo na mtu mzima wa kukushika."

Msicheke, tafadhali. Nauliza tu: keshokutwa nani ana nafasi?