Koti la Mlinzi wa Josho

Jumatatu, Machi 4
Leo mama wa serikali, Bi. Nyanchoka, amekuja kuona josho letu, lile shimo la mawe la kuogeshea ng'ombe tangu enzi ya mkoloni. Ati sasa ni kumbukumbu ya taifa! Kisumu wana shimo lao la kutengenezea meli, sisi tuna letu la ng'ombe. Hakuna kugusa jiwe, amesema. Ijumaa atachagua mlinzi, apewe koti la vifungo vya shaba. Koti ni langu. Mabega ninayo.

Jumanne, Machi 5
Jirani yangu Onyiego naye anataka koti! Amefika mapema, amekalia ukingo wa josho kama kuku wa mayai. Nikamwambia babu yangu ndiye alibeba mawe haya yote, peke yake. Akaniuliza, omogaka, mzee wangu, huyo babu si ndiye alifukuzwa hapa kwa kuogesha mbuzi? Uongo mtupu. Walikuwa kondoo.

Alhamisi, Machi 7
Nimempiga Onyiego chenga! Hapa kwetu mgeni wa maana akija, mawe ya boma yanapakwa chokaa. Harusi tunapaka, mazishi tunapaka. Sasa serikali ije ikute ukoga wa kijani kwenye mawe? Nimenunua chokaa soko la Daraja Mbili, nimekwangua ukoga wote kwa panga, nimepaka josho zima. Linang'aa! Mke wangu Persis akasema, Baba Mokeira, si mlikatazwa kugusa? Nikamjibu sikugusa. Brashi ndiyo iligusa.

Ijumaa, Machi 8
Bi. Nyanchoka ameshika kichwa. Nikadhani ni furaha. Kumbe analilia ukoga! Ati ule ukijani ndio uzee wenyewe wa josho, nimeufuta kwa asubuhi moja. Onyiego akacheka mpaka akakaa chini. Koti akapewa yeye. Linamfika magotini! Mimi nimeamriwa nitoe chokaa yote kwa maji na kitambaa laini, Onyiego akinisimamia. Nikikataa, mahakamani.

Sabato, Machi 9
Pasta amehubiri unyenyekevu. Onyiego amekuja kanisani na koti, na jua lote hili! Sikusikia mahubiri vizuri, nilikuwa nafikiria. Kufikiria si kazi, hata siku ya Sabato.

Jumapili, Machi 10
Nimesugua upande mmoja. Mawe yako uchi, yanatia huruma. Onyiego anakoroma ndani ya koti. Mlinzi gani huyo? Persis amenisihi nisugue tu, ninyamaze. Lakini mama wa watu alilia kwa sababu ya kijani, na mimi si mtu wa kuacha mama akilia. Nimepata rangi ya kijani, ile ya mabati, mkebe mzima. Napaka sasa hivi, kabla Onyiego hajaamka. Bi. Nyanchoka akirudi, atamvua koti mwenyewe.