Dawati la Pumzi

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini ya ngazi zote zinazohusika, Mamlaka ya Uwanja wetu wa Ndege inautangazia umma kwamba suala la pumzi lina dawati lake. Dawati liko ukumbi wa kuondokea, kati ya mzani wa mizigo na mlango wa choo ambao haufungi vizuri. Lina kiti kimoja, mhuri mmoja, na mimi.

Mimi ni Katibu wa Dawati. Ni Katibu pia wa Kamati ya Vitu Visivyo na Fungu, ambayo ndiyo iliyolizaa Dawati. Naandika taarifa hii kwa sababu kuna maneno maneno huko nje, hasa kwa madereva wa teksi, kwamba siku ile tulimzuia mwanamke asipumue. Si kweli. Tulimzuia asisafiri. Kupumua aliendelea nako muda wote, na jambo hilo limo kwenye kumbukumbu.

Kwanza nieleze utaratibu wetu wa vikao. Mwenyekiti wa Kamati ni Mkuu wa Uwanja mwenyewe, mtu mnene wa shingo, mwenye kazi nyingi. Kikao kikifika ajenda ya pili, Mkuu hufumba macho. Hapo naandika: "Mwenyekiti akatafakari." Akianza kukoroma, naandika: "Akaendelea kutafakari." Baadaye sauti hukatika kabisa, na sisi sote huweka kalamu chini na kungoja. Mwishowe hushtuka kwa mkoromo mmoja mkubwa, kama mtu anayeburuta kabati. Hapo naandika: "Mwenyekiti akaafiki."

Nilipoajiriwa nilidhani analala. Katibu aliyenitangulia akanivuta pembeni.

"We mgeni, sikiliza. Hapa hakuna anayelala. Hapa watu wanaafiki."

Kwa njia hiyo, kufikia siku ile, tulikuwa tumepitisha kanuni arobaini na moja ndani ya miaka tisa. Mojawapo ni Kanuni ya Kumi na Nne, iliyokuja baada ya abiria mmoja kukutwa na kasuku ndani ya mkoba. Inasema: kitu chochote kinachopumua na hakina pasipoti ni mnyama, na kitasafiri kama mnyama. Ni kanuni nzuri. Haijawahi kutushinda hadi siku ile.

Siku ile, saa nane mchana, alifika mama mmoja fundi cherehani. Nasema fundi cherehani kwa sababu alikuwa na haraka hiyo hata futi ya kupimia watu ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Ndege yake ilikuwa ya saa kumi na mbili jioni. Alibeba begi dogo la kijivu, na begi hilo likasimamishwa na mkaguzi wetu wa mizigo, kijana tunayemwita Jicho.

"Mama, hii ni nini?"

"Mashine ya kupumulia. Nikilala pumzi inakatika. Naivaa puani, inanisukumia hewa."

"Iwashe."

Mama akaichomeka ukutani. Mashine ikaanza kuvuma. Jicho akaweka kiganja mbele ya barakoa, akakitoa, akarudi nyuma hatua mbili kama alivyofundishwa.

"Inapumua," akasema.

"Inapuliza, mwanangu. Hata feni yako hiyo inapuliza."

"Feni haina pua."

Barakoa kweli ilikuwa na umbo la pua. Jicho akaileta kwangu, mama akifuata nyuma. Nikamkaribisha na kumwomba pasipoti. Akanipa.

"Hii ni yako, mama. Ya mwenzako?"

"Mwenzangu nani?"

Nikamwonyesha mashine kwa kalamu.

Mama akanitazama. "Kaka, umekula leo?"

"Nimekula, mama, namshukuru Mungu."

"Basi si njaa." Akavuta kiti changu akakaa, nami nikabaki nimesimama. "Sikiliza, mdogo wangu. Mwanangu yuko ng'ambo, peke yake. Kesho asubuhi wanampasua, anajifungua. Hii ni mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, na zote mbili sikuwepo. Safari hii nimemwambia akizinduka ataniona. Ndege inakwenda usiku kucha, saa tisa nzima. Nikisinzia kwenye kiti bila hii mashine, naweza nisiamke. Nikiikosa hii ndege, nyingine ni baada ya siku tatu. Umenielewa?"

"Kwani mama asilale tu?" Jicho akauliza, kwa nia njema.

"Nilishajaribu. Nilikaa macho kwenye basi usiku mzima. Asubuhi yake nikamshonea bwana harusi suruali yenye mikono."

Moyo wangu uliguswa. Mimi ni mtu wa sala, na nina desturi ya kuinamisha kichwa nyuma ya dawati jambo linapokuwa zito. Nikainama, nikaomba hekima. Jibu lilikuja upesi: nimwite daktari wa mifugo.

Daktari wa mifugo wa uwanja alikuja na mabuti yake ya mpira. Akaipima mashine mbele na nyuma.

"Mapigo ya moyo hakuna," akasema. "Joto ni la humu ndani. Katibu, hii ni mashine."

"Kitaalamu?"

"Hata kienyeji."

"Basi niandikie hivyo."

Hapo tukakwama. Fomu yake ina visanduku viwili tu: MZIMA na MZOGA. Akiweka alama kwenye MZIMA, mashine ingehitaji cheti cha chanjo na kibanda cha mbao.

"Na nikiweka MZOGA," akasema daktari, "sheria inataka ichomwe moto kabla ya jua kuzama."

"Usiweke!" mama akapiga kelele, akaikumbatia.

Kwa bahati Mkuu alikuwepo uwanjani. Alikuwa anasafiri kwa ndege hiyo hiyo, kwenda kupokea Tuzo ya Uongozi Ulio Macho, ambayo viwanja vyote huishindania na mwaka huu ilikuja kwetu. Akakubali kuitisha Kamati kwa dharura. Saa kumi kamili tukakaa chumba cha juu, kile ambacho kiyoyozi chake kinadondoshea maji kwenye ndoo: Mkuu, Jicho, daktari wa mifugo, mimi, na mama kama mwitwa.

Ajenda ya kwanza, sala, niliongoza mimi. Ajenda ya pili, Mkuu alitoa mwongozo.

"Mwambieni athibitishe. Alale hapa, pumzi imkatike mbele ya mashahidi wawili. Ikikatika, mashine ni sehemu ya mwili wake. Isipokatika, ni mnyama."

"Nilale?" mama akauliza. "Hapa? Sasa hivi?"

"Kochi lipo," Mkuu akasema, akafumba macho.

Mama akatazama saa ya ukutani, akavua viatu, akajilaza. Sisi tukamsogelea ili tuone vizuri.

"Mnanitolea macho kama maiti, nitalalaje?"

Tulitoa ushirikiano wote. Daktari alizima taa. Jicho aliimba wimbo wa kubembeleza watoto, ubeti wa kwanza mara nne kwa sababu wa pili haujui. Dakika kumi na tano zikapita. Usingizi ukashuka chumbani, lakini haukushukia kochi. Kutoka kiti cha Mwenyekiti mkoromo ulianza mdogo mdogo, ukapanda, ukajaza chumba. Kisha ukakatika.

Tukaweka kalamu chini.

Mama akainuka. Akageuza shingo kama anayesikiliza jambo analolijua. Midomo yake ikaanza kuhesabu.

"Kumi na tano... ishirini... Jamani, huyu mtu hapumui!"

"Shh, mama," nikamnong'oneza. "Anatafakari."

"Thelathini! Anatafakari nini, kaburi?"

Mkoromo mkubwa ukatoka. Dirisha likatikisika. Nikachukua kalamu, nikaandika.

"Unaandika nini?" mama akauliza.

"Mwenyekiti ameafiki."

"Ameafiki nini?"

"Mwongozo alioutoa kabla ya kuafiki."

Nikamweleza utaratibu wote, tangu kasuku. Alinisikiliza bila kupepesa, huku akinipima kwa macho kutoka bega hadi bega, kama anayekadiria kitambaa.

"Yaani akikoroma hivyo, jambo limepita?"

"Limepita."

"Hata likiwa la nani?"

Nikafungua kitabu cha taratibu. Ukurasa wa sita unasema mwitwa anaweza kutoa hoja moja. Nikamwambia.

Mama akavaa viatu, akasimama wima. "Andika basi. Mtu yeyote ambaye pumzi yake inakatika usingizini, na mashahidi wawili wamemwona, asipande ndege bila mashine yake. Na mwenye mashine yake asisumbuliwe na mtu. Ianze leo."

Nikaandika. Tukangoja. Mkuu alikoroma, akakoroma, akanyamaza. Kalamu zikawekwa chini. Mama alihesabu kwa sauti, lakini alipopita ishirini na tano sauti ikabadilika. Akazunguka meza, akamwinamia.

"Thelathini. Vuta, baba. Vuta pumzi. Thelathini na tano... vuta bwana, una watoto wewe..."

"Angekuwa ng'ombe," daktari wa mifugo akasema taratibu, "sasa hivi ningekuwa nimeshampigia simu mwenye ng'ombe."

Mama alikwishamshika Mkuu bega ili amtikise. Sekunde ya thelathini na tisa, mkoromo ukatoka, futi ikapepea shingoni kwa mama.

"Imepita," akasema Jicho.

Mama akakaa kwenye kiti cha karibu, akafuta jasho. "Huyu mpelekeni hospitali. Sifanyi utani." Nikaliandika hilo chini ya Mengineyo. Kisha nikaligongea begi lake mhuri.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa mlangoni pa kuingilia ndegeni, kama kanuni mpya inavyotaka. Mama alikuwa kwenye foleni na begi lake. Mkuu akaja na suti ya tuzo, akapita pembeni mwa foleni.

"Shikamoo, Mkuu. Mashine yako iko wapi?"

"Mashine gani?"

Nikamsomea kumbukumbu. Mashahidi: Jicho na daktari wa mifugo. Muda: sekunde thelathini na tisa.

"Nani kaafiki upuuzi huu?"

"Wewe, Mkuu."

"Nilikuwa nimelala!"

Foleni nzima ikageuka. Mimi nilijifunza kuandika kumbukumbu ukubwani, kwenye masomo ya jioni, na mwalimu wetu alisisitiza kitu kimoja: mpe mtu nafasi ya kusahihisha kabla hujapiga mstari. Nikampa.

"Mkuu, tukiandika kwamba ulikuwa umelala, kanuni zote arobaini na mbili zinaanguka. Pamoja na Kanuni ya Thelathini, iliyokuongezea muda wa uongozi."

Mkuu akafikiri. Alifikiri macho yakiwa wazi, jambo ambalo kwa miaka tisa sikuwahi kuliona.

"Nilikuwa natafakari," akasema.

"Ndivyo nilivyoandika. Basi huwezi kusafiri."

Mama alipofika mbele yetu alisimama kidogo. Hakucheka, ingawa watu wa nyuma yake walikuwa wameshindwa kujizuia.

"Baba, kesho asubuhi nenda hospitali. Ukipewa yako, usikaze sana mikanda ya barakoa. Acha nafasi ya kidole, kama kola ya shati." Kisha akapita, begi mkononi, hakuna aliyemgusa.

Kesho yake mchana alituma ujumbe kwa daktari wa mifugo, ambaye ndiye pekee aliyempa namba ya simu. Daktari alinionyesha baada ya wiki moja, kwa sharti kwamba nisichukue hatua. Ulisema: "Nilifika, nilikuwepo. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Anapumua mwenyewe na bado hana pasipoti. Usimwambie Katibu."

Tuzo ya Uongozi Ulio Macho ililetwa kwa posta, imefungwa kwenye boksi. Mkuu alikwenda hospitali. Walimlaza usiku mmoja wakimhesabu, wakakuta pumzi inakatika mara hamsini na mbili kwa saa. Wakampa mashine kama ya mama.

Sasa huja nayo vikaoni. Ajenda ya kwanza tunasali. Ajenda ya pili anavaa barakoa, anafumba macho, na mashine inavuma polepole. Analala kama mtoto aliyeshiba. Hakoromi. Hakatiki. Hashtuki. Sisi tunaweka kalamu chini na kungoja, na mwisho wa kikao tunazichukua tunaondoka nazo.

Huu ni mwezi wa tano hakuna kanuni iliyopitishwa. Kanuni ya kupiga miluzi ukumbini imekwama. Ada ya kuangalia ndege kupitia kioo imekwama. Abiria wanapita moja kwa moja, na baadhi yao wanafika kwenye ndege kabla ya ndege. Dawati langu halijaona mtu tangu mwezi wa pili, isipokuwa wanaoulizia choo.

Hoja iliyo ya kwanza kwenye foleni ni ya Mkuu mwenyewe. Inahusu kunihamishia kwenye maegesho ya magari, kitengo cha kunyanyua kizuizi kwa mkono. Ameiwasilisha mara kumi na moja. Kila mara anaisoma kwa sauti, ananitazama, anavaa barakoa, na haiafiki.

Simwekei kinyongo. Kila asubuhi naingia kazini mapema, nainamisha kichwa nyuma ya dawati, namshukuru Mungu kwa pumzi yangu na ya kila asafiriye. Namwombea mama na mjukuu wake. Kisha namwombea Mkuu, kwa jina lake na cheo chake, nikiomba jambo moja tu: umeme usikatike.