Nilivyokwenda Kumtoa Yaqdhan kwa Warumi

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimefunga sanduku. Nimelifungua. Nimelifunga tena. Kesho nnasafiri, Jordan. Hapa Al Khoudh, mtaa wetu wa Muscat, nimewaambia watu nnakwenda kutembea kijijini kuona magofu ya Warumi. Jirani yangu Balqees kanitazama kwa jicho la pembeni. Kaniuliza tangu lini Masouda mimi nnapenda magofu, na hata ngome ya Nizwa sijapata kuingia. Nikamwambia ngome ya Nizwa ipo karibu, haina haraka.

Kweli yenyewe nnaiandika hapa. Mwanangu wa mwisho, Yaqdhan, kazi yake ni kuyasimamisha mawe ya kale yaliyoanguka. Kanipigia simu kusema kazi inamalizika mwisho wa mwezi. Alhamdulillahi! Kisha kasema wakubwa wake wanamtaka atie saini miaka miwili mingine. Moyo paa! Kisha kamtaja Alaa, binti wa mwenye nyumba anakokaa. Alaa kasema hivi, Alaa kacheka vile. Mimi skuli niliishia darasa la nne, lakini hesabu hii naiweza.

Lazima nirudi naye kabla hajatia saini. Hila iko sandukuni: papa mkavu, tui la kopo, bizari, mkate wa ufuta, na halwa. Akinusa mchuzi wa papa tu, tiketi ataiomba mwenyewe.

Ndugu yangu Suud anafuatana nami. Alikuwa wizarani Al Khuwair mpaka akastaafu, kwa hivyo anajua kila kitu. Kasema huyo papa atatutia aibu uwanja wa ndege. Papa nimemfunga plastiki. Mdomo wa Suud haufungiki.

Ijumaa, 17 Oktoba

Tumefika. Kijiji kimya! Nilidhani masikio yameziba kwa ndege. Muscat hata nikiwa usingizini nasikia magari ya barabara kuu. Hapa nimemsikia mbuzi akitafuna. Watu wote wako kwenye zeituni, wametandika maturubali chini ya miti, wanachuma taratibu kama vile dunia haiishi.

Nilimtarajia mtoto aliyekonda. Kanenepa! Mashavu haya! Nani anamlisha? Nimeingia jikoni moja kwa moja kwa idhini ya Umm Humam, mama wa huyo Alaa. Papa alipoanza kuchemka paka wa kijiji kizima walijipanga mlangoni. Suud kajifunika pua kwa kilemba.

Yaqdhan kaonja. Kafumba macho. Nikasema khalasi, nimempata. Hapo akamwita Alaa aje aonje. Binti kala, kafuta sahani kwa mkate, kisha kaniomba, khala wee, mama mdogo, nifundishe. Ningesema nini mbele ya mama yake? Nimemfundisha. Lini atie tui, lini aache kukoroga, ndimu kiasi gani. Mwepesi wa mkono, siwezi kusema uongo.

Yaqdhan kasema Alhamdulillahi, sasa hata papa atampata hukuhuku, hana tena cha kukikumbuka nyumbani.

Na mimi je? Nimeosha sufuria kwa nguvu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Subhanallah. Subhanallah. Sijui nianze wapi.

Suratu Rrum, sura ya Warumi, naisoma tangu chuo cha Kurani, mdogo, miguu haijafika chini kwenye kiti. Nilidhani Warumi ni watu wa kusomwa tu. Kumbe walikuwa na barabara! Nimepiga magoti nikatia vidole kwenye mifuo iliyochimbwa na magurudumu ya magari yao. Jiwe gumu limelika kama sabuni. Walipita wangapi hata jiwe likalika vile? Na wote wamekwenda. Nguzo zimebaki zimesimama, hazikubeba dari wala nini, zimebeba mbingu.

Kuna duka lina kizingiti kizima. Nimemuona kabisa, moyoni, mama akifagia pale asubuhi huku mwanawe kapelekwa vitani mbali. Machozi yakanitoka. Suud kaniuliza namlilia nani. Nikamwambia mama wa askari. Kauliza askari gani. Wanaume!

Yaqdhan katuonyesha nguzo yake. Ilikuwa imelala vipande vipande tangu zilzala la zamani, ardhi ilipotikisika, yeye na wenzake wameisimamisha. Kaweka kiganja juu yake vile marehemu baba yake alivyokuwa akimwekea yeye kiganja kichwani. Upepo tu na harufu ya majani makavu. Nilisahau kabisa kilichonileta.

Kisha nikakumbuka.

Walitupeleka kwenye uwanja wao wa maigizo, ngazi za mawe zimepanda juu duara kama bakuli lililokatwa nusu. Yaqdhan, Alaa na Umm Humam wakapanda mpaka juu kabisa, wadogo kama kunguru. Mimi na magoti yangu nikabaki chini katikati na Suud. Pahala pazuri pa siri. Nikamnong'oneza kwa Kiswahili kuwa binti mrefu kama nguzo, akicheka meno yote nje, na tusipoangalia mtoto tumemkosa. Nikamwambia kesho nnakwenda kwa baba yake, Abu Humam, nimuombe kwa heshima amtoe Yaqdhan kwenye chumba anachompangisha. Kijiji hakina chumba kingine. Hana pa kulala, atakwenda wapi? Kwa mama yake!

Kule juu Yaqdhan kasimama wima.

Kumbe Warumi waliujenga hivyo makusudi! Ukinong'ona chini, wa juu anasikia kama umemkalia sikioni. Suud kasema alikuwa anajua, kasoma zamani. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kasema sikumuuliza.

Alaa alitaka kujua khala kasema nini. Yaqdhan kamfasiria kuwa nimemsifu, kasimama sawa kama nguzo na ana kicheko kizuri. Binti kashuka ngazi zote zile mbio, kanibusu kichwa. Mikono inanukia zeituni. Nikamuuliza Yaqdhan kando kama kasikia mengine. Kasema hapana mama, upepo. Nimeshukuru sana upepo.

Jumapili, 19 Oktoba

Nisamehewe mwandiko, nnaandika mbio.

Nimekwenda kwa Abu Humam baada ya alasiri, mimi, Suud na halwa. Yaqdhan alitutangulia kumwambia tunakuja. Nikasema mtoto mwema huyu, hana habari ya kinachomjia. Tumeingia, chumba kimejaa! Ami zake, wajomba, wazee wenye fimbo, imamu wa msikiti. Wanawake chumba cha pili nyuma ya pazia, mimi kwa umri wangu nikakalishwa na wazee. Nikasema watu hawa kweli wanapenda wageni.

Wakatumiminia kahawa. Kahawa tupu! Kwetu Oman nani ananywa kahawa kabla hajatia kitu kitamu kinywani? Tende kwanza, au halwa, kisha ndiyo kahawa. Nikatazama kulia, kushoto, tende hakuna. Halwa yangu iko pale katikati, haijafunguliwa. Nikaona wamesahau, wataifungua tu. Suud alishainua kikombe mpaka mdomoni. Nikamfinya. Kakiweka chini. Na mimi nikakiweka chini changu, taratibu, kwa adabu.

Chumba chote kikavitazama vikombe vyetu. Mzee mmoja kaacha hata tasbihi. Nikaona aibu kwa ajili yao, maskini, wamekumbuka tende.

Nikakohoa nianze maneno yangu ya chumba. Kabla sijafungua mdomo, Abu Humam kasema kwa sauti nzito tunywe kahawa yetu, tulilolijia tumelipata.

Allahu Akbar! Hata sikuomba! Nikasema huyu naye kumbe kachoka na mpangaji. Nikanywa kahawa yote mara moja, bila tende. Ikalipuka vigelegele nyuma ya pazia! Imamu kainua mikono, wakasoma Fatiha, na mimi nimeisoma nao, tena kwa sauti ya juu kuliko wote. Umm Humam katoka kaniangukia shingoni, ananiita mama wa bwana harusi.

Bwana harusi gani?

Nimefahamishwa njiani. Huku kwao mgeni akikiweka chini kikombe bila kunywa, anaposa. Baba akimwambia kunywa, kapewa binti. Kwa hivyo nimemposa Alaa. Mimi. Kwa mkono wangu huu.

Nimemuuliza Yaqdhan kwa nini hakunizuia. Kasema yeye aliwaita wazee tu, kikombe nilikiweka mwenyewe, na yeye kalelewa vizuri, hamkatizi mama yake mbele ya watu. Suud kacheka mpaka kakaa juu ya jiwe la Warumi. Kasema nikimfinya mara ya pili nitamposea na yeye.

Nilitaka kukasirika. Nikamtazama mwanangu. Uso ulikuwa kama siku ile ya kwanza nilipomwachia mkono uani akaenda mwenyewe hatua zake, akageuka kunitazama kama nimemuona. Nimekuona, baba. Nimekuona.

Fatiha imesomwa. Fatiha hairudishwi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Muscat. Makelele ya magari, sipati usingizi, nataka mbuzi wangu anayetafuna.

Yaqdhan katia saini. Miaka miwili. Kanitumia picha, yeye na Alaa na Umm Humam mbele ya nguzo, na nyuma yao mbingu. Nimeitazama sana. Wazuri. Mawe yale yatawaona watoto wao kama yalivyowaona wa Warumi, na sisi sote tutapita. Nikisema hivyo kifua kinajaa.

Balqees alikuja kuuliza khabari. Nimemwambia mke wa mwanangu nimemchagua mwenyewe, nimekwenda kwa ajili hiyo hasa. Kapiga vigelegele ukumbini kwangu, roho inamuuma. Nikamkaribisha mkate wa ufuta.

Kisha nikamwambia Suud nimejifunza. Watoto wana maisha yao, mama kazi yake dua tu, hila basi. Suud kanitazama sana, kaniuliza kama nna homa.

Sina. Harusi ni baada ya Idi, kulekule kijijini. Nitakwenda, nitacheza, nitakula, mdomo nimeufunga. Ndipo nitakapougua. Kidogo tu, si ugonjwa wa kutisha watu. Ugonjwa wa kutaka nisindikizwe mpaka Muscat na mwana na mkewe, wakae waniuguze miaka miwili.

Suud kasema yeye hatashuhudia uongo. Basi ataugua yeye.