Kilio cha Komeo la Bafu la Nabuyonga

Habari hii nimeipokea kwa Namwase, binti wa jirani yangu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita mwaka huu, tukichagua mawe kwenye mchele barazani pangu, na sikumkatiza mpaka sinia likaisha. Yeye alikuwapo. Ndiye aliyeshika taulo.

Basi sogeeni, enyi mlio mbali na mlio karibu! Wenye kuuza nyanya, wekeni mizani chini; wenye kugombana na waume zenu, pumzikeni, ugomvi hautaoza; nawe mto Nabuyonga, punguza kelele zako za masika, kwa maana nataka kusimulia vita visivyomwaga damu ila povu la sabuni, vita vilivyotikisa Mbale tangu sokoni hadi chini ya jabali la Wanale, na shujaa wake ni Ramula binti Mariat, mjukuu wangu mimi, Simba wa Ndoo, Mwenye Taulo la Mistari, Asiyetetemeka kwa Maji ya Alfajiri.

Jueni kwanza kwamba hapa Nabuyonga kuna chuo cha ushonaji na upishi, jina lake nitalisitiri, na wenyewe wako Jinja. Katika chuo hicho kuna hosteli ya wasichana ishirini na wanne, na hosteli hiyo ina mabafu mawili. Moja limejaa mifuko ya saruji ya jengo ambalo halijaanza na, kwa jinsi saruji ilivyoganda, halitaanza. La pili lilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na komeo, na komeo hilo lilikuwa amani ya taifa zima.

Mwezi wa pili, asubuhi ya baridi, msichana Docus aliingia kuoga na ndoo ya maji moto. Mvuke ukapanda juu ya ukuta. Nje akapita Bwana Nasif, Msimamizi wa Majengo na Nidhamu, Jicho Lisilolala, aliyekuwa akisaka masigiri, majiko ya mkaa, maana kupika hosteli ni marufuku. Akaona mvuke, akasema moyoni, "Wanachemsha maharage humu!" Akaupiga mlango kwa bega kama ndovu aupigavyo mgomba. Komeo likaruka. Docus akapiga yowe la kuamsha Wanale. Bwana Nasif, tumpe haki yake, alifumba macho papo hapo akarudi kinyumenyume, akajigonga na tangi. Lakini tangu siku ile komeo halikuonekana tena.

Ndipo yakaanza mateso. Kila aogaye alihitaji mwenzake wa kushika mlango na taulo, na upepo wa Wanale hauna adabu. Siku mlinzi akipiga chafya, mlango ulifunguka wote na wapishi wakasalimiwa na mtu mwenye povu. Foleni ikawa ndefu mara mbili. Nayo rejista ya asubuhi hufungwa saa moja kamili, na sheria ya chuo ni hii: ukichelewa mara tatu, mtihani hufanyi. Ramula alikuwa amekwisha kuchelewa mara mbili. Na mtihani ulikuwa mwezi huu wa sita. Mwaka mzima wa binti yangu Mariat, aliyeuza mandazi ili huyu mtoto ashone, ulikuwa unaning'inia kwenye komeo ambalo halipo.

Ramula alisema kwa mdomo, akaambiwa aandike. Akaandika, akatumbukiza kwenye sanduku la maoni. Sanduku lile lina kufuli lililopotelewa na ufunguo, na juu yake wameweka maua. Ndipo shujaa wetu akatwaa karatasi na kalamu ya mkaa, silaha za wanyonge, akaandika: *Wasichana wote, bafu halina komeo tangu mwezi wa pili. Tukutane barazani tuseme neno moja.* Akaibandika ubaoni mchana kweupe.

Haikukaa hata muda wa chai kupoa. Alitokea Afande Isa, mlinzi wa lango, askari mstaafu, Ngome ya Chuma, Baba wa Filimbi.

"Wewe mutoto! Karatasi yako iko na muhuri?"

"Afande, ni maneno machache tu."

"Hata neno moja hapana pita bila muhuri. Mimi nililinda daraja miaka minane. Hata mbuzi hapana pita bila karatasi."

"Na mbuzi alipata wapi karatasi, Afande?"

"Hiyo ni siri ya jeshi," akasema Isa, akaichana karatasi vipande vinne, akavikunja vizuri akavitia mfukoni, maana hata kutupa taka kuna kanuni yake.

Ramula akapelekwa mbele ya Bwana Nasif. Naye akasimama nyuma ya meza yake, akakohoa, akahutubia kama anayefungua bunge.

"Binti yangu! Nani aliyesema chuo hiki kinaziba watu midomo? Sisi tunapenda maoni. Tumeyatengea hata mahali! Kando ya kinu cha kusaga mahindi, kila Jumatano, saa nane hadi saa nane na nusu, mwanafunzi yeyote aseme lolote, kwa sauti ya kawaida."

"Bwana, kinu kinasaga Jumatano saa nane."

"Ndiyo, ili mpate unga wa ugali, posho yenu. Nani anakataa posho?"

"Na tukikusanyika barazani?"

"Zaidi ya watano ni mkutano. Mkutano unataka kibali. Kibali kinataka muhuri. Muhuri uko Jinja."

Hivi ndivyo wakubwa wanavyotupa uhuru, wajukuu zangu: wanaupika vizuri, wanautia chumvi, halafu wanauweka kwenye kabati la juu na kutuuliza mbona hatuli.

Jumatatu, siku saba kabla ya mtihani, Ramula aliomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Mungu amsamehe, meno ya mtoto yule yanavunja mifupa. Akaondoka kwenda Jinja. Akapita Tirinyi, akauvuka mto Mpologoma wenye jina la simba, naye simba akakaa kimya alipoona simba mwenzake. Akaipita Iganga bila kununua hata kitu, jambo ambalo mimi sijaliweza katika maisha yangu. Na saa sita alikuwa mbele ya meza ya Mama Sonal, katibu wa wenye chuo, Mlinzi wa Muhuri, Bibi wa Mafaili Mia.

Mama Sonal alikuwa akinywa chai. Alisikiliza yote hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Muhuri ninao," akasema. "Lakini siwezi kugonga mpaka Nasif aweke sahihi."

"Na Bwana Nasif haweki sahihi mpaka uwepo muhuri."

"Najua. Miaka kumi na moja nipo hapa. Huu muhuri wino wake umekauka kwa sababu hiyo." Akavuta droo, akatoa kitabu kinene chenye vumbi. "Chukua hiki. Ndicho kitabu chote cha kanuni. Huko Mbale wamebandika ukurasa mmoja tu, ule wa makatazo. Mimi nilikipiga chapa chote kwa vidole hivi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kukiomba. Soma, binti. Na ufunike kichwa, jua kali."

Njia nzima ya kurudi Ramula alisoma. Akapita kanuni za viti, kanuni za mipira, kanuni za kuanika soksi. Kufika Tirinyi akakutana na kanuni ya kumi na tisa, naye akapiga kelele hata dereva akakanyaga breki. Kanuni ilisema hivi: *Tangazo la kifo halihitaji muhuri wala kibali. Halitaondolewa na mtu yeyote kabla ya maziko. Waombolezaji wataketi popote penye nafasi, mitambo yote itazimwa, na chuo kitawapa chakula.*

Walioandika hivyo walijua wanaishi na nani. Huku kwetu mtu anaweza kukosa harusi ya ndugu yake akasamehewa. Asiyekwenda kilioni, siku yake atajibeba mwenyewe.

Jumanne asubuhi ubao ulivaa karatasi yenye ukingo mweusi:

*TANGAZO LA KIFO. Ukoo wa Hosteli ya Wasichana unasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wetu Komeo, mlinzi wa bafu, aliyetutoka ghafla mwezi wa pili. Ameacha mlango mmoja mjane na wasichana ishirini na wanne yatima. Maziko ni Jumatano saa nane, kando ya kinu. Mabugo, yaani rambirambi, ni skrubu.*

Afande Isa akaja mbio, mkono tayari kuchana. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma pole pole: "Ta-nga-zo la ki-fo." Mkono ukashuka. Akavua kofia. Hakusoma tena chini. Nani anasoma tangazo la kifo mpaka mwisho kama anayekagua hesabu? Ukishaona kifo umeona. Akaenda jikoni akamwambia mpishi, "Kuna maiti," na mpishi, kama apasavyo mpishi, akapandisha sufuria kubwa.

Jumatano saa nane kinu kilinyamaza. Tangu chuo kijengwe, Jumatano saa nane kinu kilikuwa hakijanyamaza, na watu walishangaa kusikia ndege. Wasichana walikaa kwenye mikeka, khanga vichwani. Wavulana walisimama nyuma. Walimu walikuja. Hatimaye akaja Bwana Nasif mwenyewe, kanzu nyeupe na koti jeusi, uso wa huzuni ya kweli, akainama kwa Namwase, aliyeketi na wenzake wa hosteli, akanong'ona, "Poleni sana. Ni mtoto wa nani?"

"Utasikia, Bwana. Keti," akasema Namwase, naye akaketi mkekani. Na ukishaketi kwenye mkeka wa kilio, Bwana, huinuki kabla ya wenye kilio.

Ramula akasimama na kusoma wasifu wa marehemu.

"Marehemu Komeo alizaliwa kiwandani tusikokujua, akalelewa dukani Barabara ya Naboa. Aliitwa katika chuo hiki akiwa kijana, anang'aa. Hakuwahi kuomba likizo. Hakuwahi kusema siri ya mtu. Alisimama kati yetu na upepo wa Wanale, kati yetu na macho ya wapishi, na akiwapo yeye msichana aliingia peke yake, akatoka peke yake, akawahi rejista! Leo yuko wapi? Leo tunaoga kwa zamu kama wafungwa, na mimi niliyesimama hapa nimebakiza kuchelewa mara moja tu nikose mtihani. Si kwa uvivu. Kwa kukosa chuma kirefu kama kidole!"

Docus akalia kwa sauti. Wavulana wawili waliokuja kucheka wakaangalia chini. Bwana Nasif alikuwa amekwisha kuelewa. Alitaka kuinuka, akaona mpishi anamtazama, akakaa.

Ndipo Afande Isa, ambaye naye alikuwa amekwisha kuelewa, akasimama imara. Ramula akadhani sasa filimbi italia.

"Mimi nilivua kofia," akasema Isa. "Kofia ikivuliwa kwa maiti, hapana rudi kichwani mpaka kazi iishe. Sasa mimi nauliza, kama desturi. Marehemu alikufa na nini?"

Hakuna anayezikwa kwetu bila sababu kutajwa.

"Nilikuwa ndani mimi," akasema Docus, na kilio chake kikakatika. "Alikufa kwa bega."

Watu wote, bila kuambiwa, wakageuza shingo kutazama bega la koti jeusi.

"Ulikuwa mvuke," akasema Bwana Nasif kwa sauti ndogo. "Mimi niliona kama moshi."

"Na maiti iko wapi, bwana?" akauliza Isa. "Hapana zika hewa."

Masikio ya Bwana Nasif, Namwase anaapa, yakawa mekundu kama nyanya za Bugisu. Akaomba ruhusa kwa wenye kilio, kwa adabu, akaenda ofisini, akarudi na bahasha. Juu yake iliandikwa: *Kielelezo. Mlango ulifungwa kwa ndani.* Akamimina mkononi mwa Ramula.

Lilikuwa ni komeo lenyewe. Zima. Halikupinda, halikupata kutu. Miezi minne halikufa hata kidogo. Lilikuwa limewekwa ndani ya droo.

Akina mama wa jikoni wakapiga vigelegele kabla ya wengine kuelewa. Sahani ya mabugo ikafunuliwa: skrubu tele, nyingine ndefu za kitanda, nyingine za saa, na moja, Mungu ashukuriwe, mpishi aliitoa kwenye mpini wa sufuria yake. Afande Isa akatwaa kisu cha mezani, akaandamana na taifa zima hadi bafuni, na kwa mikono iliyolinda daraja miaka minane akafunga skrubu nne zilizoenea. Kisha akarudisha kofia kichwani, akapiga saluti kwa mlango.

Ramula akaingia peke yake. Wasichana ishirini na watatu wakasikiliza nje. *Kach.*

Andikeni katika mawe, watu wa Mbale, na Jinja wajue! Siku hiyo alioga mtu mmoja, na hakuna aliyeshika taulo! Na nitalisema sasa, maana mwisho wangu hauna nafasi: Alhamisi na Ijumaa rejista ilimkuta amekwisha kukaa, na Jumatatu atafanya mtihani, akipenda Mola.

Kisha chuo kikawalisha waombolezaji, posho na maharage, kama kanuni inavyoamuru. Jua lilikuwa kali, matumbo yamejaa, kinu kimya. Docus akalala mkekani. Namwase akalala kichwa juu ya miguu ya Docus. Mpishi akalala kando ya sufuria isiyo na mpini. Afande Isa akalala langoni wima, kama walivyomfundisha. Ramula, nywele bado mbichi, akajinyoosha kivulini, akazama usingizini.

Bwana Nasif peke yake alibaki macho. Alikuwa ofisini, kitabu kinene alichokiazima kwa Ramula kimefunguliwa mbele yake kwenye kanuni ya kumi na tisa, kalamu mkononi, akiongeza mstari wa kuziba tundu lile milele. Akaandika: *Marehemu lazima awe*. Akafikiri. Upepo ukaja kutoka Wanale, ukalijaribu lile komeo, na komeo likakataa. Akaandika tena, *lazima awe*, kidevu kikashuka kifuani, kalamu ikateleza ukurasa mzima hadi ukingoni, naye akalala.