Magazini Zilizochanjwa

Elibariki hakuwa mlenga shabaha. Hata puto likipasuka alikuwa anaruka. Kilichompeleka uwanja wa shabaha wa Mansfield, Texas, Jumapili ile ya mwisho wa Machi 2019, ni harufu ya mbuzi. Klabu ya Watanzania na Wakongo pale ilikuwa na desturi ya kulenga kwanza na kula baadaye, na mtu aliyefika wakati wa kula hakuulizwa amelenga nini.

Alikuwa mkazi wa Plano, mwenye tai ya shingoni yenye picha ya twiga asiyoivua hata kwenye joto, na sauti ya kukufanya umshukuru huku mkono wake uko mfukoni mwako. Ndiye aliyewauzia watu wa Dallas minyororo ya matairi ya kuendeshea kwenye theluji, mwezi wa Julai, tena kwa foleni.

Alimkuta Mwita, mwenyekiti wa klabu, ameshika kipande cheusi cha chuma mapajani kama mtu aliyepokea simu ya msiba.

"Pole, kaka. Nani tena?"

"Magazini," alisema Mwita. "Hii ndiyo inabeba risasi, inachomekwa kwenye bastola. Nimeikanyaga. Mdomo umepinda."

"Si ununue nyingine?"

"Wapi? Nime-check maduka yote online. Hakuna." Mwita alivuta pumzi, maana alikuwa mtu wa kompyuta na alipenda kueleza. "California walikataza magazini za zaidi ya risasi kumi. Miaka karibu ishirini haziuzwi kule. Juzi Ijumaa jaji akasema katazo halifai. Basi California nzima imeamka inanunua kama vile wanagawiwa bure. Wamemaliza mpaka za Texas."

"Nyie si mnazo?"

"Zinachoka, bwana. Mzunguko mmoja unapiga risasi thelathini na kitu mfululizo. Moja ikiisha unaiangusha chini, unachomeka nyingine unakimbia. Zinakanyagwa, zinaingia mchanga, springi zinalegea. Na Jumamosi hii tuna mashindano Houston."

"Miye niko na mbili tu zenye ziko nzima," alisema mama mmoja aliyekuwa akigeuza nyama. "Zile zingine nne zinakwama. Na mbili sitafika mwisho."

Huyo alikuwa Esperance, Mkongo mfanyakazi wa bohari moja la Mesquite, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na minane kabla ya kuletwa Amerika. Ndiye aliyekuwa na shabaha kuliko wote. Miaka miwili mfululizo alishika nafasi ya pili Houston, na kila mara ni magazini iliyokwama iliyomwangusha. Mwaka huu alikwisha mwambia kila mtu bohari kwamba anarudi na kikombe. Hata msimamizi wake alikwisha kifutia rafu.

Elibariki alichukua mbavu mbili, akajitenga nyuma ya gari, akampigia Kamau wa Houston. Kamau aliuza kwa posta chochote kinachoingia kwenye boksi.

"Buda!" Kamau alipiga kelele. "Niletee hizo vitu! California wananilipa mara tatu. Lakini haraka, serikali yao itakata rufaa. Huyo jaji anaweza funga mlango saa yoyote."

"Nitakuletea mia mbili."

"Utatoa wapi?"

Elibariki alitazama wanaklabu wakilamba vidole. "Kwa wenyewe," alisema.

Alirudi na uso wa huruma. Aliwaambia amesikia kwa mtu wa ndani kabisa kwamba Texas nayo itabadili sheria. Magazini zitakazosajiliwa mapema zitabaki halali, zisizosajiliwa hazitaingia hata uwanjani Jumamosi. Yeye, kwa kuipenda jamii, yuko tayari kuzipeleka kusajiliwa. Bure. Bila fomu. Wampe tu sasa hivi, aondoke nazo.

Mwita alikunja uso.

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Bila hata fotokopi?"

"Bila chochote, kaka."

"Tapeli huyu," alisema Twalibu, katibu wa klabu, bila kuficha sauti. Watu wakarudi kwenye nyama.

Mtu mwingine angekata tamaa. Elibariki aliendesha gari mpaka Plano akijilaumu kama mwanafunzi aliyesahau jedwali. Hawa ni watu waliohangaikia vyeti vya kuzaliwa, barua za mtendaji, viza na kadi za mgao. Maisha yao yote kitu cha kweli kilikuwa kile kilichowasumbua. Yeye amewapelekea urahisi!

Jumatatu asubuhi alitafuta muhuri. Alioupata ulikuwa kwenye vitu chakavu vya daktari wa mifugo aliyestaafu: wa mviringo, wino wa zambarau, umeandikwa kwa Kiingereza kwamba mbwa huyu amechanjwa. Ulikuwa na ndege tai katikati, kama mihuri ya serikali, na hilo lilimtosha. Njiani alipita duka la rehani pale Mesquite, akakuta magazini arobaini. Alitoa kodi ya nyumba ya miezi miwili akazinunua zote, akazifungia kwenye buti la gari. Hizo zitakuwa faida yake binafsi.

Halafu akatuma tangazo. Usajili ni Jumatano, ukumbi wa kanisa, Mesquite. Kila magazini ije na fomu ya kurasa tatu, barua ya mwenyekiti, na picha mbili za pasipoti.

"Picha zangu au za magazini?" aliuliza Mwita kwenye simu.

"Za magazini. Upande na mbele. Bila kivuli."

Mwita alishusha pumzi ya mtu aliyefika nyumbani. "Sasa hapo naelewa," alisema.

Jumatano foleni ilitoka nje ya ukumbi ikazunguka maegesho. Watu walikuja na bahasha za kaki. Kuna mzee alirudishwa kwa sababu magazini yake ilikuwa imepigwa picha kwenye kitambaa chekundu badala ya cheupe, akaondoka akisifu jinsi kazi inavyofanywa kwa makini. Twalibu ndiye aliyeshika daftari.

Mwita peke yake alisoma muhuri uliopigwa kwenye magazini yake.

"Bwana Msajili, mbona unasema mbwa amechanjwa?"

"Ni muhuri wa muda," alijibu Elibariki bila kupepesa. "Wa kudumu uko Houston."

"Ah. Wa muda." Mwita akatikisa kichwa kwa heshima.

Ikafika zamu ya Esperance. Aliweka magazini zake sita mezani, akaitazama tai ya twiga kwa muda mrefu kidogo.

"Jeton iko wapi?" aliuliza.

"Jeton gani, mama?"

"Kwa kambi, ukitoa kitu wanakupa jeton. Kikaratasi. Bila jeton si uandikishaji, ni wizi."

Watu nyuma wakaguna kuunga mkono. Elibariki akachana karatasi vipande vipande, akavipiga muhuri, akagawa jeton kwa wote.

"Na ya pili," Esperance akaendelea. "Kwa kambi kitu chako hakitoke mbele ya macho yako mpaka muhuri wa mwisho."

"Hilo la maana sana!" alisema Mwita. "Tuunde kamati iende na Msajili Houston. Ijumaa tunaenda huko huko kwenye mashindano, na mpaka hapo zitalindwa hapa kanisani."

Elibariki alihisi jasho likishuka chini ya twiga. Lakini dola zilikuwa mezani, zimepangwa safu, kila moja na picha zake. Atawapoteza njiani, alijiambia. "Kamati ni jambo jema," alisema.

"Na ya tatu, Bwana Msajili. Yenye haikuandikwa je? Kwa kambi, chenye kinakutwa bila karatasi wananyang'anya, wanagawia wenye hawana."

Elibariki alimwangalia kwa upendo. Sheria kali kama hiyo ingewafanya walete hata za akiba walizoficha chini ya vitanda! "Andika, katibu," alimwambia Twalibu. "Kanuni ya saba. Maneno yake hayo hayo." Akaisaini, akaipiga muhuri mara mbili.

Na kweli, waliokuwa wamebakiza walikimbia nyumbani kuzileta.

Alhamisi habari zikatoka: jaji anafunga mlango kesho yake Ijumaa, saa kumi na moja jioni ya California, yaani saa moja ya Texas. Kamau alipiga simu mara kumi na nne.

Ijumaa, magazini za klabu zikiwa kiti cha nyuma cha gari lake, Elibariki alijaribu kuwapoteza kwenye barabara namba 45. Akikimbia, wanakimbia. Akichepuka kujaza mafuta, basi dogo la kamati linachepuka na mtu anashuka kumpelekea chapati. Mwishowe alimpigia Kamau: "Ninakuja na watu. Jifanye ofisa. Waambie waziache mpaka Jumatatu."

Saa kumi na moja na nusu walifika gereji ya Kamau. Ofisa alikuwa amekaa nyuma ya meza ya kupigia pasi, amevaa miwani ya mkewe.

"Karibuni kwa ofisi," alisema kwa ukali. "Acheni hizo vitu hapa, mrudi Monday."

"Kesho ni mashindano," alisema Mwita. "Na tulikubaliana hazitoki mbele ya macho yetu. Tutasubiri, mheshimiwa. Hatuna haraka."

Wakashusha viti vya kukunja na sufuria la pilau. Mwita akafungua kikao. Akaomba dua, halafu akaomba muhtasari wa kikao kilichopita usomwe. Twalibu aliusoma wote, kisha akaanza mpya, akimwomba mheshimiwa ofisa jina kamili, jina la mke, namba ya nyumba na tarehe ya kuteuliwa kwake. Kamau alitazama saa kama mtu anayetazama maziwa yanachemka na mikono imefungwa.

Saa kumi na mbili na nusu alimvuta Elibariki pembeni. "Bro, nipe angalau hizo zako. Bado nusu saa."

Elibariki akanyemelea gari. Alifungua buti taratibu, akainua boksi la kwanza.

"Bwana Msajili," ilisema sauti nyuma yake, tulivu. "Hizi nazo ni za nani?"

Esperance alikuwa amesimama na bakuli la kachumbari.

"Zangu, mama. Za kwangu binafsi."

"Fomu iko wapi?"

Elibariki alilirudisha boksi ndani ya buti.

"Picha? Jeton?" Akageuka kuelekea gereji. "Mwenyekiti! Kanuni ya saba!"

Kamati nzima ilikuja na sahani mkononi. Twalibu alisoma kanuni kwa sauti ya mahubiri, akaonyesha saini na mihuri miwili. Mwita alikuwa na huzuni ya kweli.

"Na wewe, Bwana Msajili? Wewe uliyetufundisha?"

Elibariki alimtazama Kamau kuomba msaada. Kamau alitazama daftari la Twalibu, lenye namba ya nyumba yake, jina lake la tatu na jina la mkewe. Akanyoosha miwani.

"Sheria ni sheria," alisema ofisa. "Nyang'anya. Gawia wenye hawana."

Wakati Twalibu anaandika mgao na kuzipiga muhuri moja moja, saa ikagonga moja. Huko California mlango ukafungwa, na maagizo yote ya wateja kwenye simu ya Kamau yakabaki hewani. Kamau alikaa kwenye kiti cha kukunja, akaomba pilau.

Elibariki alimfuata Esperance, aliyekuwa akichagua springi moja moja kwa kidole gumba.

"Mama. Ulijua?"

"Jumatatu, kwa pause ya kazi, nilikimbia kwa duka la rehani. Nilikuwa nimetunza pesa ya kununua magazini tano. Mzee wa duka akaniambia: zote arobaini zimebebwa na bwana mwenye tai ya twiga." Akaweka ya tano kwenye mfuko wake. "Twiga mwingine wa Dallas simjue."

Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudhulumu, alichana karatasi, akaandika arobaini, akaipiga muhuri wa zambarau, akampa. "Jeton yako. Siku ukiona foleni, simama."

Jumamosi Esperance alipita mzunguko wa mwisho bila kukwama hata mara moja. Magazini ziliangukia vumbini moja baada ya nyingine, kila moja na duara lake la zambarau. Mwamuzi Mmarekani aliokota moja, akaisoma, akaisoma tena.

"Mama, hii ni nini?"

"Imechanjwa," alijibu Esperance, akaenda kuchukua kikombe.

Elibariki sasa anaishi kwa binamu yake, maana kodi ya miezi miwili haikurudi. Kila anaposafisha pochi yake hukuta ile jeton, na kila mara hukusudia kuitupa. Huigeuza. Huitazama. Huirudisha taratibu mahali pake. Ina muhuri.