Okidi ya Eunike na Nyasi za Kukamulia Ndizi

Ndugu zangu, leo nimeaibika kanisani, tena mbele ya madhabahu. Nawaandikia kabla hamjasikia kwa wengine, maana habari za Nyakahanga hufika Bukoba mapema kuliko barua.

Mnaijua okidi ya marehemu mke wangu Eunike, ile aliyoitoa kwenye mti ulioanguka bondeni. Tangu alipotuacha, miaka mitatu sasa, haikutoa hata ua moja. Wiki hii ikatoa tumba. Moja tu. Nikatamani Jumapili liwe madhabahuni, mahali alipozoea kuliweka mwenyewe.

Lakini majani yalikuwa yananywea. Nilikuwa nimeipanda kwenye udongo wa shambani (mkulima wa kahawa atajua nini kingine?), na mizizi imeanza kuoza. Nikajaribu kuipanda kwenye vipande vya mkaa, kufika mchana vimekauka. Mmea huu unataka unyevu na hewa pamoja. Eunike alikuwa na kitu chake cha kuupandia. Miaka yote nilimwona akirudi na kikapu, wala sikuwahi kumwuliza mna nini.

Alhamisi nikapita kwa jirani aliyekuwa amekamua ndizi. Nyasi za kukamulia zimerundikwa kando ya mtumbwi wa kukamulia, laini, zina unyevu, zinapitisha hewa. Nikaona Bwana amenijibu. Nikazijaza kwenye kopo, nikaipanda okidi humo. (Yalikuwa maji ya ndizi tu, hayajachacha kuwa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Nilihakikisha. Mimi ni mzee wa kanisa.)

Jumamosi ua likafunguka, jeupe. Harufu tamu ikajaa chumba kizima, nikamshukuru Mungu kwa kuliongezea manukato.

Leo nimelibeba kifuani mwendo wa saa nzima juani. Kopo lina matundu chini. Koti likalowa, sikujali. Nikaliweka madhabahuni, nikasimama kando yake kusoma Neno. Nyuki wakaingia. Povu likaanza kupanda kwenye kopo. Akina mama wa mbele wakafunika pua kwa khanga. Mchungaji akaninong'oneza, "Mzee Yonathani, umepitia wapi asubuhi hii?"

"Nimetoka nyumbani, Mchungaji. Ni hili ua."

"Ua ndilo lililokunywa?"

Kwenye benchi la nyuma akasimama Petro, ambaye mwezi jana nilimkemea hadharani kwa sababu ya rubisi. Akasema kwa adabu sana, "Shikamoo, Ta Yonathani. Ungeniambia, tungekuja pamoja."

Kanisa zima likacheka. Mchungaji aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Ma Kezia, rafiki wa Eunike, ndiye aliyelitoa kopo nje. Akaosha mizizi, akashuka kijitoni nyuma ya kanisa, akarudi na vipande vya magome na yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye mawe. Akapanda upya bila kunitazama.

"Haya ndiyo yaliyokuwa kikapuni, Ta," akasema. "Alikuwa akisubiri umwulize."



Basi ua limerudishwa madhabahuni, mahali pake. Mimi na koti langu tumeombwa kukaa karibu na mlango. Nimelitazama kwa mbali hadi baraka ya mwisho, nami nashukuru. Eunike angecheka mpaka ashike mbavu, na ningetoa shamba zima nimsikie. Yeye ruhusa anayo. Ninyi, tafadhali, msicheke.