Mgeni Rasmi wa Mabomba ya Barking

Telesphor hakuwa injinia, ila alikuwa na koti la manjano linalong'aa, na London mwenye koti hilo haulizwi swali. Anaingia jengo lolote, anapewa chai, anafunguliwa hata stoo ambayo wenyewe hawakumbuki ufunguo wake uko wapi. Koti lenyewe alilinunua sokoni Barking kwa bei ya sahani ya chipsi.

Asubuhi moja ya Desemba alikuwa amejibanza kwa kinyozi akijipasha moto bure na kusikiliza watu wakilalamika. Mwaka uliopita maji yaliganda ndani ya mabomba, mabomba yakapasuka, dari zikashuka. Jacqueline, nesi wa zamu za usiku, alirudi nyumbani akakuta zulia linaelea. Na sasa redio inasema baridi ya safari hii ndiyo baridi yenyewe. Mafundi wa kuyavika mabomba sifongo wapo, lakini bei zao, alisema kinyozi, zinakumaliza kabla baridi haijafika.

Telesphor aliingiwa na huruma, na huruma yake siku zote ilianzia mfukoni. Jioni ile alinunua mafuta mazito ya kujipaka, yale ya kopo, akayayeyusha jikoni, akayatia rangi ya bluu ya keki, kisha akayamimina kwenye makopo mapya. Akayapa jina: Bombakinga.

"Umekulia wapi?" alikuwa akimuuliza kila mteja.

"Njombe."

"Baridi ya Julai, mama alikupaka nini kabla hujaenda shule?"

"Mafuta."

"Baridi ilikufanya nini?"

"Haikunifanya kitu."

"Sasa bomba lako limekukosea nini hata ulinyime?"

Hapo mtu mwenye digrii mbili alikuwa anatoa pochi. Sayansi ya Wazungu unaweza kubishana nayo, lakini nani atasimama aseme mama yake alikosea? Isitoshe, kopo la Bombakinga lilikuwa rahisi kuliko fundi, na urahisi huo uliwatia watu imani kubwa. Akapaka kwa kinyozi, akapaka kwa Jacqueline, akapaka nusu ya mtaa. Mapato yote aliyatunza kwenye mfuko wa ndani wa koti, maana wenzake wa chumbani hakuwaamini. Mpango wake ulikuwa kuhamia Hayes Jumapili, kwa binamu yake, kabla bomba la kwanza halijatoa ushahidi.

Simu ya Mama Marcelina ikamkuta anafunga begi.

Mama Marcelina ndiye aliyeendesha ukumbi ambako Watanzania wa upande ule waliozeshana, walibatiza watoto na kukaa misiba. Mwaka uliopita bomba la ukumbini lilipasuka katikati ya sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, na binti akatolewa nje amebebwa mgongoni na MC. Mwenye jengo akasema maji yakimwagika tena, anauchukua ukumbi wake. Mama Marcelina alimweleza Telesphor haya kwa sauti ya machozi, na machozi hayo yalikuwa ya kweli. Alitaka mabomba yote ya ukumbi yapakwe.

"Na Jumamosi wanajumuiya watakuwepo wote," akamwambia. "Tumekaa kikao, Injinia, tumeona wewe ndiye uwe mgeni rasmi. Uje na koti lako, baba. Ndiyo heshima yako hiyo."

Telesphor hajawahi kuwa rasmi popote. Kwenye harusi za watu huwekwa jirani na mlango wa jikoni, anapogongwa na kila anayepita na sinia. Tena aliondoka nyumbani bado kijana mdogo, kabla hajafikia umri wa kualikwa kwenye mambo makubwa, kwa hiyo alichokijua kuhusu mgeni rasmi ni kwamba hula kwanza na kupunga mkono. Akakubali palepale.

Jumamosi wakampa kiti chenye utepe na meza yenye kitambaa. MC Lusekelo, yuleyule aliyembeba bibi harusi, akamsifu mpaka Telesphor mwenyewe akatamani kukutana na huyo mtu. Kisha akina mama wakaingia wakicheza na kapu la michango ya kuokoa ukumbi. Jacqueline akatoa. Kinyozi akatoa. Telesphor alipiga makofi kwa moyo wote, akistaajabu jinsi watu wanavyopenda kutoa.

"Na sasa," alisema Lusekelo, "tumsikie mgeni rasmi wetu, ambaye hakuja mikono mitupu."

Kapu likatua mbele yake, nalo likaongozana na akina mama kumi na wawili wasioonyesha dalili ya kuchoka kucheza. Telesphor akasimama, akatangaza kwamba anatoa makopo matano ya Bombakinga. Kapu halikuondoka. Mama Marcelina akasogea mezani ameshika simu.

"Kuna mtu anakuangalia, baba. Nimemtafuta ukoo mzima mpaka nimempata."

Kwenye kioo alikuwapo mama yake mzazi, huko Rombo, amevaa kitenge cha Pasaka. Nyuma yake walijipanga majirani, na pembeni amekaa padri.

"Telesphor," alisema mama yake, "wameniambia umekuwa injinia, na leo ni mgeni rasmi. Nikaona nimwite na padri aje ashuhudie."

Telesphor aliutazama mlango. Aliweza kuidanganya London nzima bila kutoa jasho, lakini uso ule, na furaha ile, vilimchoma moyo. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na nusu ya mapato. Vigelegele vikapigwa.

"Ndiyo yote hiyo?" akauliza padri, mtu mzoefu wa michango.

Nusu ya pili nayo ikatoka. Sasa vigelegele vilipigwa Barking na Rombo kwa pamoja, na mama yake akalia waziwazi. Mama Marcelina akachukua kipaza sauti, akamtambulisha Rupal, fundi wa mabomba kutoka Queensbury, ambaye wazazi wake ni wa Mwanza. Akasema kwamba, kwa ukarimu wa Injinia, Rupal ataanza kesho kuvika mabomba ya ukumbi, kisha nyumba zote zenye mabomba ya bluu, bila mtu kutoa hata senti. Rupal akaongeza kwa Kiswahili safi kwamba ataanza kwa kuyapangusa.

"Mama, ulijua?" Telesphor akamnong'oneza Mama Marcelina.

"Nimelea watoto watano kwa mafuta hayo. Harufu yake naijua hata yakiwa bluu."

Telesphor aliondoka bila senti wala hasira. Makofi yale yalikuwa ya kweli, na yeye hajawahi kupigiwa ya kweli. Hajafika kituo cha treni, simu ikaita. Alikuwa mama yake, bado sauti inatetemeka kwa furaha.

"Mwanangu, huku tumekaa kikao na padri. Paa la kanisa linavuja, na ujenzi tunauzindua Pasaka. Tumeona mgeni rasmi uwe wewe. Nimeshamwambia umekubali."